Roketi ya mvuke, umeme au petroli: pikipiki ipi ijengwe Mbeya kwa mbio za mstari mnyoofu?

Swali hili linarudi kila mara kutoka kwa vijana wa karakana na wanafunzi wa ufundi hapa Nyanda za Juu Kusini: tukitaka kujenga pikipiki ya kukimbia mita 200 kwa mstari mnyoofu, ya ushindani kweli, tuchukue njia ipi? Wengine wameona video za pikipiki inayosukumwa na maji ya moto, wingu jeupe nyuma yake, na wamevutiwa. Wana haki. Wengine wanasema umeme ndio wakati wake. Na wapo mafundi wa bodaboda ambao petroli wanaijua kama viganja vyao na hawaoni sababu ya kuhangaika.

Nitazilinganisha njia hizi kwa mazingira ya kwetu, yaani kwa mwinuko wetu, mafundi wetu na chuma tunachoweza kukipata. Upande ninao, na nausema mapema. Roketi ya mvuke ndiyo njia inayofaa zaidi kwa Mbeya, Mufindi na Rungwe, lakini kwa kikundi chenye mtu wa boila (mtambo wa kiwandani wa kuzalisha mvuke) na tangi lenye cheti tu. Asiye na vitu hivyo viwili ajenge ya umeme, na asiye na fedha ya betri aanze na petroli.

Mwinuko unabadilisha hesabu

Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kwa mwinuko wa Mbeya, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini ya petroli isiyo na turbo inaishi kwa kuvuta hewa, kwa hiyo na nguvu zake zinapungua kwa kiasi hichohicho. Boxer 150 yenye nguvu farasi 12 kwenye karatasi, ikifika Uyole imebaki na kama kumi. Tena kabureta iliyotegeshwa Pwani inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo: ukifungua plagi unaikuta nyeusi kama mkaa, na dawa yake ni jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) ndogo zaidi. Tatizo hili si letu peke yetu. Uwanja wa Bandimere huko Colorado, Marekani, uliokuwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, ulijulikana kwa kuzichelewesha injini, hata chama cha mbio hizo, NHRA, kikawa na vipimo vya kurekebisha muda wa mashine zinazokimbia kwenye viwanja vya juu.

Mota ya umeme haivuti pumzi. Ndiyo maana pikipiki ya umeme ya KillaCycle, ya Bill Dubé, ilikimbia robo maili chini ya sekunde 8 pale pale Bandimere mwaka 2008, karibu sawa na muda wake wa nyanda za chini.

Roketi ya mvuke nayo haivuti pumzi, na inapata nyongeza kidogo, kwa sababu mvuke unatoka kwenda kwenye hewa yenye presha ndogo na hivyo unatanuka zaidi. Upinzani wa hewa mbele ya dereva nao ni mdogo. Najua kuna atakayesema maji huku yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya Mbeya hayaivi upesi. Ni kweli kwenye sufuria. Ndani ya tangi lililofungwa mwinuko hauna nafasi, kwa kuwa hapo presha inatengenezwa na joto lenyewe.

Maji ya moto yanavyosukuma

Wengi wanadhani roketi hii ina boila inayozalisha mvuke wakati wa mbio. Haina. Unajaza maji kwenye tangi nene, unafunga, unapasha. Kwenye nyuzi 180 presha inafika baa 10, yaani kama mara kumi ya presha ya hewa ya kawaida. Nyuzi 200, baa 15 na nusu. Nyuzi 250, karibu baa 40. Nyuzi 300, baa 86. Angalia inavyopanda: nyuzi 50 za mwisho zinaongeza presha kuliko zote zilizotangulia kwa pamoja. Maji yanabaki maji, hayachemki, kwa sababu presha imeyabana.

Dereva akifungua valvu, maji yanakimbilia kwenye nozeli (mdomo mwembamba wa kutokea nyuma), yanakutana na presha ndogo, na sehemu yake inalipuka kuwa mvuke papo hapo. Kutoka nyuzi 250 ni robo tu ya uzito inayogeuka mvuke. Robo tatu zinatoka kama matone yanayobebwa na mvuke huo. Kwa hesabu kamili, mchanganyiko huo unaweza kutoka kwa mita 490 kwa sekunde. Kwa vitendo panga 400.

Tuchukue mfano. Pikipiki na dereva kilo 300, maji kilo 60, nyuzi 250. Kasi ya juu kabisa, kama hewa isingepinga, ni kama kilomita 260 kwa saa, na maji yote yanaisha ndani ya sekunde nne au tano. Hakuna gia, klachi wala cheni. Tairi la nyuma halizungushwi na chochote, linabeba uzito tu, kwa hiyo halitelezi kwenye lami kama la pikipiki ya petroli yenye nguvu nyingi. Hii ni faida kubwa kwetu, maana lami za kwetu hazijatengenezwa kwa mbio.

Gharama yake ni joto. Kupasha kilo 60 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 250 kunataka megajouli 60, yaani karibu yuniti 17 za LUKU. Nishati inayobaki kwenye mwendo wa pikipiki ni sehemu moja na kidogo katika mia ya hiyo. Iliyobaki yote inaondoka na wingu. Kwa gesi ya kupikia, ukikadiria nusu ya moto inapotea, unatumia kilo mbili na nusu hadi tatu kwa mkimbio mmoja: mtungi mdogo wa kilo 6 unakupa mikimbio miwili. Muda ndio unaouma. Kwa hita ya kilowati 9 unasubiri karibu saa mbili, na kwenye baridi ya Julai pale Mbeya au Mafinga, tangi lisilofunikwa vizuri kwa pamba ya kuzuia joto linaongeza muda huo.

Tangi, ambako ndiko uamuzi ulipo

Mtu anayetaka kujua kama kikundi chake kiko tayari kwa mvuke asiangalie fremu wala nozeli. Aangalie tangi, na aulize nani atalisainia.

Maji kilo 60 kwenye nyuzi 250 yana uwezo wa kuachia ghafla megajouli 7 kama tangi litapasuka. Hiyo ni zaidi ya kilo moja na nusu ya baruti ya TNT, na dereva amelikalia tangi hilo. Sisemi hivi kutisha watu waache. Nasema ili watu wajenge ipasavyo.

Mtungi wa gesi ya kupikia usiguswe kwa kazi hii. Umbo lake linashawishi na bei yake inajulikana, lakini umetengenezwa kwa gesi kwenye joto la kawaida na presha ndogo kuliko hiyo, si kwa kupashwa hadi nyuzi 250. Mtungi wa oksijeni au wa gesi ya magari nao una presha kubwa kwenye karatasi, ila chuma chake kimepewa ugumu kwa joto maalum, na ukiupasha au kuuchomelea umeuharibu bila kuona dalili yoyote kwa macho. Tangi linalofaa ni la bamba la boila lenye cheti cha kiwandani, lililokunjwa na kuchomelewa na mtu mwenye leseni ya kuchomelea vyombo vya presha. Kwa kipenyo cha sentimita 35 na baa 40, unene wa milimita 8 ndio unaoanza kuwa na akiba, na tangi la lita 80 linakaribia kilo 70 likiwa tupu. Injinia wenu airudie hesabu hiyo kwa kanuni za vyombo vya presha kabla ya kununua bamba.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Maji yanatanuka. Lita 60 za maji baridi zinakuwa lita 75 kwenye nyuzi 250. Ukijaza tangi la lita 65 hadi karibu na mdomo kwa tamaa ya kukimbia mbali, litajaa maji matupu kabla hujafika nyuzi 250, na kuanzia hapo kila nyuzi moja inapandisha presha vibaya mno, kwa sababu maji hayabanwi. Acha nafasi tupu juu, na uipime kwa mizani kila unapojaza. Usikadirie kwa macho.

Jaribio la tangi linafanywa kwa maji baridi, kwa presha ya mara moja na nusu ya ile ya kazi. Usitumie hewa. Tangi la maji likishindwa, linavuja na presha inaanguka. La hewa likishindwa, vipande vinaruka. Nilianza kazi kwenye chumba cha boila cha kiwanda cha chai, na nidhamu ya pale ndiyo ninayotaka ihamie kwenye pikipiki: kabla ya moto, mtu anasimama mbele ya kioo cha usawa wa maji, anafungua koki ya chini mpaka maji yashuke na kupanda tena kwenye kioo, ndipo anaamini anachokiona. Kisha ananyanyua mkono wa valvu ya usalama kwa mkono wake asikie imepumua. Anayekuja zamu inayofuata anarudia hayohayo, hata kama mwenzake amemaliza dakika tano zilizopita.

Wazee na vijana wa namna hii tunao. Viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi vinaendeshwa na boila za kuni za milingoti, na Mgololo kuna kiwanda cha karatasi chenye mvuke wake. Kwa mkoa wowote mwingine wa nchi hii ningesita zaidi kupendekeza mvuke. Huku elimu yake ipo, ila ipo mikononi mwa watu wa boila, na mafundi pikipiki hawajawahi kuwatafuta.

Upande wa sheria, boila na vyombo vya presha vinakaguliwa na OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Nendeni kwao na mchoro, kabla ya chuma. Mkaguzi akikataa mchoro mmepoteza karatasi.

Ushauri wangu wa dhati kwa kikundi cha kwanza ni huu: jengeni tangi la baa 40, lakini mkimbie kwa baa 10. Boila nyingi za viwanda vya chai zinafanya kazi kwenye baa 10 au chini ya hapo, kwa hiyo wataalamu wetu wako nyumbani kabisa. Kwa nyuzi 180 na maji kilo 60 yaleyale, mnapata kama kilomita 150 kwa saa kabla ya kutoa upinzani wa hewa, na nishati inayoweza kulipuka inashuka hadi theluthi moja. Nozeli itataka koo pana zaidi kuliko ya baa 40, ambayo kwa hesabu yangu ni milimita 30 hivi, na mtalazimika kuchonga nyingine siku mtakapopanda presha. Hiyo ni gharama ndogo.

Waliotangulia

Mvuke kwenye magurudumu mawili una historia ndefu. Sylvester Roper wa Marekani alifariki tarehe 1 Juni 1896 akiwa juu ya baiskeli yake ya mvuke, kwenye njia ya mbio karibu na Boston. Hiyo ilikuwa ya pistoni. Roketi ya maji ya moto ikajulikana duniani tarehe 8 Septemba 1974, Evel Knievel alipojaribu kuruka bonde la Snake River, Idaho, kwa chombo cha Skycycle X-2 kilichobuniwa na injinia Robert Truax. Parachuti ilifunguka mapema, chombo kikaangukia bondeni, yeye akapona. Septemba 2016 Eddie Braun alilivuka bonde hilo kwa roketi ya mvuke iliyojengwa na Scott Truax, mtoto wa injinia yule. Na tarehe 22 Februari 2020 Mike Hughes alifariki California kwenye roketi ya mvuke aliyoijenga. Parachuti iling'oka wakati wa kuruka.

Upande wa mbio za mstari mnyoofu, Graham Sykes wa Uingereza ndiye wa kufuatilia. Pikipiki yake Force of Nature inatumia maji ya moto kwa namna niliyoieleza hapo juu.

Ukisoma matukio ya Knievel na Hughes unaona jambo moja: lililoharibika ni parachuti. Tangi halikupasuka. Kwa hiyo kikundi kinachomaliza akili zote kwenye tangi kikasahau kusimama hakijamaliza kazi. Kwenye roketi huwezi kupunguza moto kama unavyoachia mkono wa gesi. Valvu ikifunguka ikakwama, unakwenda mpaka maji yaishe. Breki, parachuti na urefu wa njia vipangwe kwa kasi ya maji yote, hata kwa jaribio la nusu tangi.

Umeme

Kwa pikipiki na dereva wa kilo 250 kufika kilomita 150 kwa saa ndani ya mita 200, unahitaji mota na kontrola (kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota) zinazoweza kutoa kama kilowati 45 kwa sekunde kumi. Mota za kwenye ringi zinazouzwa kwa bodaboda za umeme, za kilowati mbili au tatu, hazifiki hapo hata kwa kulazimishwa. Utatafuta mota ya gari dogo la umeme na seli za betri zenye uwezo wa kutoa mkondo mkubwa, na hapo fedha inatoka nyingi kwa mara moja, tena kwa kuagiza. Ni tofauti na mvuke, ambako pesa nyingi inaishia kwenye bamba, uchomeleaji na ukaguzi, vitu vinavyopatikana ndani ya nchi.

Lakini umeme unakupa kitu ambacho mvuke hauwezi: kurudia. Mkimbio mmoja unakula kama sehemu ya kumi ya yuniti. Unakimbia, unasoma namba za kontrola kwenye simu, unabadili mpangilio, unakimbia tena baada ya dakika chache. Kwa siku moja kikundi cha umeme kinajifunza zaidi ya kile cha mvuke kwa mwezi. Dereva naye anajifunza mwili wake, jinsi ya kulala juu ya pikipiki, jinsi ya kuanza bila kunyanyua gurudumu la mbele. Kwa wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au wa vyuo vya ufundi vya VETA, wanaotakiwa kuonyesha walichojifunza mwisho wa mwaka, hili lina uzito kuliko kasi yenyewe.

Hatari zake ni mbili: umeme wa betri wa volti mia na zaidi haukuachii ukikushika, na seli za lithiamu zikiwaka hazizimwi kwa ndoo ya maji. Swichi kubwa ya kukata, glavu za kuzuia umeme, na boksi la betri lisilopigwa na mawe ya njia. Hakuna mkaguzi wa boila anayehitajika.

Petroli, na njia mbili za kuziacha

Petroli ni ya kikundi kinachotaka kukimbia mwezi ujao. Spea zipo, fundi yupo, na kosa lake kwa kawaida ni injini kufa tu. Hasara yake huku juu nimeshaieleza. Turbo inairudisha, lakini ukishafunga turbo kwenye injini ndogo umeanza mradi mwingine.

Roketi ya peroksaidi ya haidrojeni ina kasi kubwa mno. Gesi yake inatoka mara tatu ya kasi ya mvuke wa maji ya moto. François Gissy alifika kilomita 333 kwa saa juu ya baiskeli ya namna hiyo huko Ufaransa mwaka 2014, na Mfaransa mwenzake Eric Teboul amekimbia robo maili kwa pikipiki chini ya sekunde 6. Hata hivyo siipendekezi kabisa. Peroksaidi ya nguvu hiyo si ile ya dukani ya kusafishia vidonda; inawasha nguo, mbao na majani kwa kuyagusa tu, na kuisafirisha mpaka huku ni hatari kwa watu wasiohusika.

Mvuke wa pistoni au tabo (gurudumu la mapanga linalozungushwa na mvuke) nao ni mzuri kwa heshima ya uhandisi. Gari la Waingereza lililofikia wastani wa kilomita 225 kwa saa mwaka 2009 lilitumia tabo, likaivunja rekodi ya mvuke iliyodumu tangu 1906. Kwa mita 200, boila na mitambo yake ni mizito mno.

Njia ya kukimbilia

Barabara kuu ya TANZAM si uwanja, hata alfajiri, hata ikiwa tupu. Malori ya Tunduma hayana saa. Mnahitaji lami iliyofungwa. Kutoka kilomita 250 kwa saa, kwa breki za kawaida, kusimama tu kunachukua karibu nusu kilomita, ongeza mita 200 za mbio na akiba. Chini ya kilomita moja msikubali. Kwa baa 10 au kwa umeme, nusu ya hapo inatosha. Njia ya ndege au eneo la kiwanda vinapatikana kwa maandishi tu, na ombi lenye cheti cha tangi linasomwa tofauti na lisilo nacho.

Kwa mvuke, upangeni uwanja kwa kuanzia mahali pa kupashia. Tangi lipashwe nyuma ya tuta la udongo, geji isomwe kwa kamera, dereva apande dakika za mwisho. Watazamaji wakae pembeni mbali, wala wasiwe nyuma hata mmoja: huko ndiko maji ya moto yanakokwenda. Mtu wa kuzuia umati awe na kazi hiyo tu, kwa sababu watu wakisikia valvu ya usalama ikipuliza watataka kusogea.

Basi, kikundi chenye fundi wa boila, mchomeleaji mwenye leseni na uvumilivu wa kukimbia mara mbili au tatu kwa siku, kichukue mvuke wa baa 10. Kikundi cha chuo chenye mfadhili wa kuagiza betri kichukue umeme. Karakana ya bodaboda isiyo na kimojawapo ianze na petroli, ijenge fremu ndefu na breki za kuaminika, na iache nafasi katikati ya fremu hiyo yenye upana wa sentimita 40, ili siku tangi lenye cheti likipatikana lisihitaji fremu mpya.